Uvimbe Niliomsingizia Ng'ombe

Nianze na aibu yangu, ili tukifika hospitali uwe umeshanizoea. Nilimuuza ng'ombe asiye na kosa, na nilitia saini uongo mbele ya mwanangu. Yote mawili niliyafanya mwaka mmoja, nikiwa na akili zangu timamu na cheti cha kidato cha nne kabatini.

Ng'ombe aliitwa Malkia. Huku kwetu Kibosho ng'ombe hatoki nje. Anakaa bandani, katikati ya migomba na kahawa, na sisi ndio tunaomletea majani kichwani kama watumishi wake. Asubuhi moja ya masika nilikuwa namkamua, inzi akamuuma, akageuza shingo kwa nguvu, pembe ikanipata kifuani upande wa kushoto. Halikuwa pigo la kutisha. Nilimtukana kidogo kwa Kichagga, nikamaliza kukamua. Lakini wiki ile ile nikiwa naoga, mkono ukapita kwenye titi la kushoto na kukuta kitu kigumu, kidogo kama punje ya buni. Nikasema, Malkia huyo.

Kuanzia siku hiyo Malkia akawa mshtakiwa, mimi nikawa polisi na hakimu. Nilikanda kwa maji ya moto. Nilipaka samli. Uvimbe haukuuma hata kidogo, nami nikajiambia kwamba kitu kisichouma kiko njiani kupona. Kama una kitu cha namna hiyo mwilini mwako na kinakunyamazia, tafadhali usikichukulie kuwa rafiki.

Inabidi ujue mimi ni mtu wa aina gani. Wako wanawake wa Kichagga wanaovuka mipaka na mizigo yao, wanajua bei za Nairobi na Lubumbashi. Mimi safari yangu ndefu ni kwenda kanisani, na nikirudi navua viatu na kusema jamani nimechoka na safari. Moshi mjini napaona kwa chini kutoka uani, kama picha ya kalenda, na inanitosha. Mtu kama huyu ukimwambia ashuke mjini akamvulie blauzi daktari asiyemjua, ataona afadhali auze ng'ombe.

Ndivyo nilivyofanya. Mwezi wa sita nilimwambia mume wangu Aloyce, “Huyu ng'ombe ataniua.” Aloyce ni fundi wa kuchomelea milango ya chuma, mtu asiyebishana. Alitafuta mnunuzi kutoka Kahe, kule tambarare, na Malkia akateremshwa mlima huku akigeuka kunitazama. Uvimbe haukwenda naye. Ulibaki.

Wiki ile ile binti yetu Manka alirudi likizo. Kaka zake wawili wako Dar, wanapiga simu Jumapili. Manka ndiye kitinda mimba, alikuwa na miaka kumi na tano, kidato cha pili, shule ya bweni ya wasichana upande wa Mkuu, Rombo. Alinikuta jikoni namenya ndizi za mtori, mikono myeusi kwa utomvu.

“Mama, nina kazi ya shule, na kazi yenyewe ni wewe.”

“Mimi nimekuwa hesabu?”

“Nesi alikuja kutufundisha kujipima matiti. Kila mmoja amfundishe mwanamke mmoja nyumbani kwao. Unajipima, halafu unasaini hapa.”

Akasimama katikati ya jiko kama mwalimu wa zamu. Akanionyesha kwa juu ya sweta lake: unasimama mbele ya kioo mikono chini, unatazama, kisha mikono juu, unatazama tena. Unaangalia kama moja limebadilika, kama ngozi imebonyea, kama chuchu imeingia ndani. Halafu unalala chali, mkono mmoja chini ya kichwa, na kwa vidole vitatu vya mkono wa pili, zile nyama za vidole na si ncha, unazunguka polepole mpaka kwapani. Kila mwezi, siku chache baada ya hedhi kuisha.

“Na nesi amesema sisi wasichana tukikuta uvimbe, mara nyingi sio kansa. Ila usikae nao. Unamwambia mtu mzima, unaenda kuangaliwa.”

“Sisi enzi zetu tulikuwa tunaminya maparachichi tu,” nikasema. “Na mkuu wenu wa shule anajua mnafundishwa kujishikashika?”

“Mama!” Alicheka, lakini alinikazia macho. “Haya, nenda chumbani ukajipime. Nakusubiri.”

Nilinawa mikono, nikaingia chumbani na kufunga mlango. Nikakaa kitandani nikitazama mbao za dari. Sikujigusa. Nataka hili lieleweke vizuri: sikujigusa kwa sababu nilijua nitakachokuta. Baada ya muda wa kutosha kuchemsha chai nikatoka.

“Umekuta kitu?”

“Nimekuta uzee.”

“Mama, kweli?”

“Kweli. Lete kalamu.”

Nikasaini. Manka akaikunja karatasi vizuri, akaiweka katikati ya daftari. Shule zilipofunguliwa alinipigia kwa simu ya matroni wao. Wenzake wengi walirudi na karatasi tupu, mama zao wamekataa, lakini yake ilikuwa imejazwa, na amechaguliwa kiongozi wa klabu ya afya. “Nimewaambia mama yangu hana mambo ya aibu aibu,” akasema. Nikampa hongera. Sauti yangu ilikuwa kavu, nikasingizia mafua.

Uvimbe ukaendelea na shughuli zake. Kahawa ilipoiva ulikuwa kama kokwa ya zambarau. Mvua za vuli zilipoanza ulikuwa kama limau dogo, na chuchu ikaanza kujificha kama mtu aliyeona mgeni asiyemtaka. Desemba ikafika. Desemba ya huku unaijua au umeisikia: kila Mchagga aliye hai anapanda mlima kurudi kwao, barabara zinajaa magari, wanaume wa ukoo wanachinja na kila mtu anapewa fungu lake la nyama kwa kadiri ya nafasi yake katika ukoo. Nikajipangia. Nile Krismasi kwanza. Wageni wakishaondoka, Januari, nitafikiria.

Jumapili kabla ya sikukuu Manka alikuwa ananifunga zipu ya gauni la kanisani. Zipu iko ubavuni. Akasimama.

“Mama, hebu inua mikono.”

Nikainua, kama mwizi. Alinitazama kwenye kioo kwa muda.

“Ni ng'ombe,” nikasema.

“Ng'ombe gani?”

“Malkia. Alinipiga pembe.”

“Malkia tulimuuza mwezi wa sita, mama. Yuko Kahe anakula mabua ya mahindi. Au alikuachia pembe?”

Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Alikaa ukingoni mwa kitanda na kuuliza swali ambalo lilikuja kukaa kati yetu mwaka mzima, likila na kulala na sisi.

“Mwezi wa sita, ulipojipima, hukukuta kitu?”

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Kengele ya kanisa ilikuwa inagonga. Nikasema, “Sikukuta kitu.”

Akatazama vidole vyake vitatu vya mkono wa kulia. “Basi nilikufundisha vibaya.”

Nikamwambia tutachelewa misa.

Baada ya misa alimweleza baba yake. Walikuwa wamesimama pembeni, kwenye migomba, mimi nachungulia dirishani kama mtoto aliyevunja sahani. Aloyce aliingia ndani, hakuuliza kitu, akasema, “Kesho tunashuka hospitali.”

“Kesho ni siku ya kuchinja.”

“Watachinja.”

“Na fungu lako?”

“Watakula.”

Mwanamume wa Kichagga akisema Desemba kwamba nyama yake ya ukoo wengine waile, ujue ameogopa. Ni hapo nilipoelewa kuwa naumwa.

Tulianzia Mawenzi, hospitali ya mkoa, tukaandikiwa kwenda hospitali kubwa, na huko ndiko nilikojifunza kukaa kwenye benchi. Mimi najua kukaa, ndiyo kazi niliyosomea, lakini benchi la hospitali lina ukaaji wake. Unakaa upande mmoja wa makalio kwa sababu upande wa pili ni wa mtu mwingine. Huangalii mlango moja kwa moja, maana ukiuangalia haufunguki. Unashika cheti chako kwa mikono miwili kama kwamba kuna mtu anakitamani.

Kwenye benchi hilo nilimpata Mama Yohana, mwenyeji wa Singida, mume wake mkata miwa kwenye mashamba ya sukari huko chini. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na alinisemesha kabla sijaketi vizuri.

“Wewe wa kwako umesababishwa na nini?”

“Ng'ombe,” nikasema kwa unyonge.

Alipiga paja. “Sikieni, huyu ni ng'ombe! Mimi wa kwangu ni mzigo wa kuni. Yule mwenye kilemba cha njano, ni mtoto wa dada yake alimpiga kiwiko. Na yule bibi pale, anasema ni sidiria ya mtumba.”

Benchi zima lilicheka, mpaka nesi akachungulia. Wanawake sita, kila mmoja amebambikia kesi mtu au kitu, na mwezi baada ya mwezi tulikuwa tumekaa nyumbani tukisubiri mshtakiwa akiri.

Walinichukua kinyama kwa sindano. Wiki mbili za kusubiri majibu nilifua mapazia yote, nikafua yaliyokuwa safi, nikafua ya jirani. Siku ya majibu daktari alisogeza kiti chake karibu, akasema, “Mama, ni saratani. Inatibika, lakini tusipoteze muda tena.” Nikamuuliza kama naweza kwenda, nimeacha maharage motoni. Aloyce akanishika mkono. Hatukuwa tumeacha maharage motoni.

Njiani kurudi alisimamisha pikipiki kwenye kona moja penye miti, bila kugeuka. “Nilikuwa nalala ubavuni mwako,” akasema. “Miezi minane. Kwa nini hukuniambia?” Wiki nzima akalala chumba cha wavulana, nami nikaamini ananionea kinyaa. Baadaye nilikuja kujua kuwa alikuwa anajionea aibu yeye, kwamba amelala miezi minane na asijue. Kila mtu nyumbani alikuwa anajilaumu, na mwenye kosa halisi alikuwa anakoroga uji.

Dripu ya kwanza ya dawa ya saratani ilikuwa wakati wa vumbi, mwezi wa pili. Ya pili iliondoka na nywele. Ya tatu na ya nne ziliangukia masika, barabara yetu ikawa sabuni, na Aloyce alinifunga kiunoni mwake kwa khanga ili nisidondoke kwenye pikipiki. Mtu mzima nimebebwa kama mtoto mchanga, na watu wa barabarani wananipungia mkono. Kucha zilikuwa nyeusi, nikawaambia waliouliza kuwa ni utomvu wa ndizi. Mdomo ulikuwa na ladha ya msumari. Mtori, chakula nilichopika tangu nikiwa na miaka tisa, ulinuka rangi ya mlango. Wanangu wa Dar walituma sauti ndefu kwenye simu kuhusu majani ya mstafeli na mlonge. Aloyce aliwajibu kwa maneno mawili: “Njooni mmuogeshe.” Walikuja, mmoja baada ya mwingine. Mkubwa alijifunza kunipikia uji, na ulikuwa mbaya kwa namna ambayo sitaisahau.

Nimtaje jirani yangu Mama Sia. Anakaa ng'ambo ya mfereji wetu wa maji, na hajawahi kulilainisha neno kabla ya kulitoa. Siku aliponiona sina nywele alisema, “Mae! Umekuwa yai.” Lakini ni yeye aliyegundua, kabla yangu, kwamba siku mbaya ya dripu si siku ya dripu, ni ya tatu yake. Kila siku ya tatu alivuka mfereji na beseni lake. “Leo siongei na wewe,” alikuwa anasema, “nafua tu.” Na alifua kweli, kimya, mwanamke ambaye hajawahi kukaa kimya hata kwenye maziko. Kuna mapadri wamenifariji, Mungu awabariki, lakini nikikumbuka kufarijiwa nakumbuka sauti ya nguo zikikamuliwa.

Pasaka Manka alirudi. Sasa alikuwa kidato cha tatu, amerefuka, ameanza kuongea kwa mkato kama baba yake. Alininyoa mabaki ya nywele kwa wembe, taratibu, nimekaa kwenye kigoda uani.

“Klabu yenu inaendeleaje?” nikauliza.

“Nimeacha.”

“Umeacha kwa nini?”

“Siwezi kuwafundisha watu kitu ambacho hakifanyi kazi. Nilimfundisha mtu mmoja tu, na ona.”

Wembe ulipita nyuma ya sikio. Nikauliza polepole, “Na wewe mwenyewe, unajipima?”

“Sijipimi. Vidole vyangu havijui kitu, mama. Hata nikikuta nitaamini vipi? Na nisipokuta?”

Nilifungua mdomo kumwambia, nikatapika. Ilikuwa wiki ya dripu ya tano, hivyo nilikuwa na kisingizio halali. Manka alinishika paji la uso mpaka nilipomaliza. Mikono yake ilikuwa na hekima kuliko mimi mara kumi, na mimi ndiye niliyemfanya asiiamini.

Niseme na wewe binti unayesoma haya, kabla sijaendelea kujiaibisha. Mwili wako ni wa kuufahamu, kama unavyofahamu njia ya kwenda kisimani. Ukiujua ulivyo kawaida yake, siku utakapobadilika utashtuka mapema. Usimsubiri mtu mzima akuongoze. Wengine tumefunga mlango. Na ukikuta kitu, sema. Ukimwambia mama akacheka, mwambie shangazi, mwambie matroni, mwambie mwalimu, mpaka umpate ambaye hacheki.

Nilisimulia habari ya karatasi kwa mtu mmoja tu, Mama Yohana, tukisubiri dripu ya sita. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hiyo mtoto anadhani yeye ndiye aliyekosea.”

“Ndiyo.”

“Na wewe unaogopa nini? Atakupiga?”

“Ataniona mwongo.”

“Lakini wewe ni mwongo, dada,” akasema kwa upole kabisa, akanigawia nusu ya karanga zake.

Upasuaji ulikuwa mwisho wa mwezi wa sita, kwenye baridi ile ya ukungu, mlima haukuonekana wiki nzima. Walilitoa titi lote. Nilirudi nyumbani na kichupa cha kukusanya maji ya kidonda kikining'inia kwenye mpira. Nilikiweka ndani ya kikapu na kutembea nacho uani kama naenda gulioni. Siku ya kwanza kujitazama nilimwomba Manka atoke, akakataa. Tukatazama pamoja kwenye kioo kile kile. Kulikuwa na mstari, umeshonwa vizuri kuliko nguo zangu zote. “Kumbe ni hivyo tu,” nikasema, halafu nikakaa kitandani. Likizo nzima alinisafisha kidonda, kila asubuhi, bila kukosea. Akimaliza ananawa mpaka kwenye viwiko, na sikumwona hata mara moja akijitazama yeye.

Mwezi wa tisa ulikuwa wa mionzi, kila siku isipokuwa Jumamosi na Jumapili. Nililazimika kuhamia mjini kwa binamu ya Aloyce, wiki tano, mimi ninayechoka nikifika kanisani. Siku ya kwanza nilimtafuta Mama Yohana kwenye benchi. Yule mwenye kilemba cha njano alisogea kunipisha, akaniambia Mama Yohana wamemsafirisha kwao Singida mwezi uliopita, kumzika. Nilikaa. Siku hiyo nilikaa kwa makalio yote mawili, kwa sababu nafasi ilikuwepo.

Alikuwa amemwambia binti yake kila kitu. Aliniambia hivyo mwenyewe, na nilikuwa nimemwonea wivu.

Desemba ikarudi. Madaktari walisema nije kila baada ya miezi mitatu, nywele ziliota zikiwa laini kama za mtoto, na jumuiya yetu ikaamua kufanya ibada ya shukrani nyumbani kwangu, Jumamosi saa kumi. Mama Sia alileta mabenchi yake. Mabinti wa kipaimara waliketi mbele kwenye mkeka. Manka aligawa chai.

Mwenyekiti alinisimamisha nitoe ushuhuda. Nikasimulia benchi, nikasimulia pikipiki na khanga, watu wakacheka na kujifuta macho. Nilipofika kwenye mwezi wa sita ule wa kwanza, nikaruka kama mtu anayeruka mfereji, nikatua Desemba. Mwenyekiti akainuka akiwa amefurahi.

“Mabinti, mnaona faida ya elimu? Manka alimfundisha mama, mama akajipima, akaugundua mapema, leo tunaye.”

Makofi. Nikatabasamu. Naandika hivi ili ujue kwamba nilitabasamu.

Binti mmoja kwenye mkeka akainua mkono. “Dada Manka atatufundisha na sisi?”

Manka alikuwa mlangoni na chupa ya chai. “Mimi sijui kufundisha,” akasema. “Muulizeni nesi.” Akatoka. Kupitia dirishani nilimwona amesimama kwenye kahawa, kichwa amekiinamisha, chupa ya chai ameikumbatia kifuani.

Asubuhi yake, kabla ya misa, nilikwenda kwenye mpaka wa shamba na kukata jani la isale. Kama si wa huku, isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na kwenye makaburi. Mtu aliyekukosea sana akikuletea jani lake amelifunga fundo, amekiri, na wewe si rahisi kulikataa. Watu wamesamehe mambo ya ardhi na ya damu kwa jani hilo. Hupewa mzee, hupewa jirani, hupewa mume aliyekasirika. Sijawahi kusikia mzazi amempelekea mtoto. Mkono wangu wa kushoto tangu upasuaji hauna nguvu, hivyo fundo nililifunga kwa meno.

Manka alikuwa jikoni anaosha vikombe vya jumuiya. Mama Sia alikuja kuchukua mabenchi yake, na kama kawaida yake alikuwa amekalia moja. Nilisubiri aondoke, hakuondoka. Nikaona nikisubiri zaidi nitapata kisingizio kingine, nikanyoosha mikono yote miwili na lile jani.

Manka alirudi nyuma. “Mama, hilo ni isale.”

“Najua.”

“Mtoto hapewi isale.”

“Leo anapewa. Manka, mwezi wa sita ule sikujipima. Nilifunga mlango nikakaa kitandani nikatazama dari. Uvimbe nilikuwa naujua tangu masika. Hukunifundisha vibaya, mwanangu. Ulinifundisha vizuri mno, ndiyo maana nikafunga mlango.”

Mikono yake ilibaki ndani ya beseni. “Nilikaa nje ya mlango nikikusubiri,” akasema.

“Ndiyo.”

“Mwaka mzima nimejiuliza niliruka wapi. Kama ni kwapani. Kama ni kioo. Nikiwa darasani nairudia yote kichwani, naanza mwanzo, naanza mwanzo!”

“Najua.”

“Hujui!”

Hajawahi kunipandishia sauti maishani mwake. Nikaendelea kushikilia jani. Akalia kwa hasira, anatazama ukutani, na mimi sikuthubutu kumsogelea. Mkono wa kushoto ukaanza kutetemeka, kama unavyofanya ukichoka, na jani nalo likatetemeka. Manka aliona. Aliutazama ule mkono aliousafisha kila asubuhi ya likizo ile, kisha akatoa mikono yake kwenye maji, akalipokea jani. Hakusema amenisamehe. Huku kwetu hatusemi, tunapokea, na kilichobaki kinasagika polepole. Akaniegemeza kichwa begani, upande ule mtupu, na hapo nami nikashindwa kujizuia.

Mama Sia alikuwa bado hajaondoka. Akainuka kwenye benchi, akaanza kufungua kifungo cha juu cha blauzi yake, akasema: “Mmelia imetosha. Manka, kausha hiyo mikono ya baridi uje chumbani unionyeshe, maana haya matiti yamenyonyesha watoto saba na sijawahi hata siku moja kuyajulia hali.”